Bluberi Aliyemwonea Aibu Baba Mkwe

Usiku wa jana niliota nimesimama ndani ya kitalu nyumba chetu cha Tukuyu, nimevaa kitenge cha harusini na gambuti, mbele ya mti wa bluberi uliogoma kuchanua.

Mti huo naujua hata nikiwa macho. Ni mama wa nchi za theluji. Matunda yake ya samawati ni matamu ajabu, lakini joto haliwezi. Nataka kumwoza kwenye ukoo wa nchi za joto, nipate mbegu ya kuzaa hata kwenye joto la Kyela, kwa dada yangu Tumpe, ambaye ameshachimba mashimo. Bila ua hakuna mbegu. Na Bwana Kibona, msimamizi wetu, alikuwa amesema mti unang'olewa asubuhi. Kwake yeye mti umekosa saa za baridi unazohitaji ili uchanue, basi, hauna faida.

Sasa naota saa za baridi zenyewe zinaingia mlangoni. Zimevaa masweta, zimepanga foleni. Kila moja inabisha hodi, inatafuta tawi lake, inakaa na kupuliza viganja.

"Tumetimia," inasema ya mwisho, mama mnene mwenye soksi mbili mbili. "Baridi si tatizo hapa."

"Tatizo ni nini, mama?"

"Muulize mwenyewe."

Namwuliza. Mti anajifunika uso kwa majani.

"Nitafungukaje, dada," ananong'ona, "na baba mkwe amekaa pale ananitazama?"

Nageuka. Ng'ambo ya njia, ndani ya ndoo, amekaa bluberi mzee wa nchi za joto. Ni mimi niliyemweka pale, uso kwa uso na mkwewe, ili nisihangaike kutembea nikichukua chavua. Mimi, mke wa Kinyakyusa, ambaye baba mkwe wangu akitokea njiani najitosa kwenye migomba tusionane mpaka apite. Nilitamani ardhi inimeze.

"Usidhani nami nastarehe, mwanangu," anasema mzee kwa adabu. "Nimefumba macho tangu masika. Hata shingo inaniuma."

"Nisamehe, baba."

"Nitoe tu. Kijana wangu, ile chavua, umeshamtia kwenye chupa, anatosha."

Namfunga mgongoni kwa kitenge. Napiga hatua moja nje ya mlango, na tayari ni Kyela, jua la utosi, harufu ya mpunga. Namtelemsha kwenye shimo la Tumpe.

"Mbona mmechelewa?" linauliza shimo.

Mzee anavua gome lake la juu kama mtu anayevua koti, anashusha pumzi. Nageuka kumtafutia maji, najikuta niko Tukuyu, na mti unafunguka.

Nimefanya kazi hii miaka mingi na sijawahi kuona kitu kama kile. Maua yake, vikengele vyeupe, yanafunguka tawi kwa tawi mpaka juu. Kila kimoja kikifunguka, saa moja ya baridi inasimama, inavua sweta na kutoka kimya kimya. Nyuki mnene anaingia, anakumbatia ua na kuvuma kwa sauti nzito, na kitalu kizima kinatetemeka pamoja naye. Nilipiga magoti. Niliogopa, nilifurahi, na machozi yakanitoka nisijue ni ya lipi.

"Fanya kazi yako," mti ananiambia, "kabla sijaona haya tena."

Nashika kibano. Navua kikengele cha kwanza taratibu, namimina chavua ya chupani kwenye ukucha wa gumba, nagusisha moyo wa ua. Ua linashtuka. Naenda la pili, la tatu. Vikengele nilivyovua haviendi chini, vinaruka na kutua kwenye kilemba changu.

Niliamka alfajiri. Nilipofungua kilemba ninacholalia, kikengele kimoja cheupe kilianguka shukani. Kilikuwa kimechanika upande mmoja, pale kibano kinaposhika. Nikakiweka kiganjani. Kilikuwa bado cha baridi.

Nikampigia simu Bwana Kibona.

"Mama Ipyana, niko njiani na jembe," akasema.

"Rudi nalo nyumbani. Mti umechanua."

"Kumbe umeshafika kitaluni?" akauliza.

"Sijafika," nikamwambia. "Ndiyo kwanza naamka."