Smuthi Isiyo na Maziwa

Siku hiyo Wayua alifagia uwanja mara mbili, na ile ya pili ilikuwa ya bure tu, kwa furaha. Mjukuu wake alikuwa anakuja. Si mazishini, wala si kwenye harusi ya mtu mwingine ambako watu hupungiana mikono kwa mbali, bali nyumbani kwake hapa Tulia, pamoja na mama yake. Kwa miaka minne Wayua alikuwa ameliombea jambo hilo kanisani kila Jumapili, na kila Jumapili alijua vizuri kwa nini Mungu hakuwa na haraka.

Mtoto naye aliitwa Wayua. Kwa Wakamba binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba, na bibi huyu aliichukulia desturi hiyo kwa uzito zaidi kuliko wenzake. Alipomsikia mwanawe Gedion akimwita yule mdogo "mama", moyo wake ulijaa. Kwake, mtu wa jina lako si mjukuu tu, ni wewe mwenyewe ukianza upya. Kwa hiyo daktari wa mji wa Wote aliposema kwamba maziwa yanamdhuru mtoto huyo, hata tone, Wayua alijiona ametukanwa. Yeye alizaliwa Tseikuru, akalelewa kwa maziwa ya mbuzi tangu hana meno, na akiwa na miaka sitini na minane bado alibeba mtungi wa maji mgongoni. Jina lake lishindwe na maziwa? Hayo, alisema, ni mambo ya watu wa mjini. Na akisema watu wa mjini alimaanisha Yvonne, mke wa Gedion.

Basi siku moja, mtoto akiwa na miaka miwili, Yvonne alikuja naye Tulia. Alipika uji wa wimbi, akautia kwenye chupa ya chai, akamwachia mama mkwe mtoto ili aende kumjulia hali mgonjwa wa jirani. Wayua akaitazama ile mikono myembamba, akakumbuka kwamba daktari alizungumza juu ya ng'ombe. Mbuzi hakutajwa. Akatia vijiko vitatu vya maziwa ya mbuzi kwenye kikombe cha uji, vitatu tu, mtoto apate nguvu. Yvonne aliporudi, uso wa binti yake ulikuwa umevimba hata macho hayaonekani, na kila pumzi ilitoka na mluzi.

Walimwahisha hospitalini. Daktari akauliza mtoto amekula nini. Yvonne akasema ni uji tu, aliopika mwenyewe, kisha akashika kichwa. Chupa ile ilikuwa na chai ya maziwa asubuhi. Huenda hakuiosha vizuri. Gedion alifika kutoka kazini kwake Kiboko na vumbi la safari, akamgombeza mkewe mbele ya wauguzi. Wewe ndiye mama yake, alisema, ulikuwa unaangalia nini? Wayua alisimama palepale, leso mkononi. Alijiambia atasema kesho, mambo yakitulia, na kesho hiyo haikufika.

Mwezi uliofuata aliwauza mbuzi wake wote watano na kuwaambia watu ni ukame. Yvonne naye akawa hamwamini mtu tena, na wa kwanza kutoaminika alikuwa yeye mwenyewe. Mtoto hakula wala kunywa nje ya jiko la nyumba yao ya Wote. Safari za Tulia zikakoma.

Na sasa walikuwa wamefika, mtoto ameng'oka meno mawili ya mbele, Yvonne amebeba katoni. Ndani ya katoni mlikuwa na blenda mpya, zawadi ya Wayua, kwa kuwa stima ilikuwa imefika kwake mwaka uliopita. Yvonne alieleza kwamba mtoto anapenda sana smuthi, lakini za dukani zote zina maziwa au yogati, kwa hiyo amejifunza kuzitengeneza mwenyewe kwa tui la nazi. Alikuwa amekuja na pakiti mbili za tui. Maembe, ndizi, paipai na pasheni vilikuwa tayari mezani, maana Wayua alikuwa amekusanya matunda ya kulisha kwaya nzima.

Wakakaa jikoni, mmoja akimenya, mwingine akikata. Yvonne alikuwa mwalimu mzuri. Ndizi iwe imeiva mpaka ganda lina madoa, ndiyo inayoleta uzito. Embe liwe la aina ya ngowe, halina nyuzi nyingi. Pasheni ichujwe mbegu. Wayua akasema kwa woga kidogo kwamba ana unga wa mabuyu aliotwanga mwenyewe, nao huleta uzito na ukali mzuri. Yvonne akauonja kwa ncha ya kidole, akakubali watie kijiko kimoja. Wayua alifurahi kupita kiasi kwa kijiko hicho.

Tui lilipomiminwa, jeupe, mtoto alirudi nyuma hadi mlangoni.

"Hiyo si maziwa?"

Mama yake akamwonyesha pakiti, akamsomea, akamwonyesha na picha ya nazi. Mtoto akaikagua pande zote, akaridhika, akatoka kukimbiza kuku. Wayua alimtazama akienda. Miaka sita tu, na tayari alijua kuogopa kikombe.

Yvonne alisuuza vikombe kwa maji ya moto, akavisuuza tena. Huku akifuta mikono alisema kwamba siku ya leo ikienda vizuri, anafikiria kumwacha mtoto hapa wiki nzima, mpaka Krismasi. Wayua aliendelea kukata embe, asije akaiharibu bahati yake. Kisha Yvonne akaketi.

"Mum, kuna kitu nimetaka kukuambia kutoka kitambo," alisema. "Hiyo siku, hiyo chupa sikuosha vizuri. Karibu niue mtu wa jina lako. Na sijawahi kukuomba msamaha."

Kisu cha Wayua kikasimama katikati ya embe. Alijua la kusema. Lilikuwa limekaa mdomoni miaka minne, na halikuwa refu. Lakini nje mtoto alikuwa anacheka, na wiki nzima ni wiki nzima. Bibi huyu aliyeongoza maombi ya akina mama, aliyewafundisha wengine kuungama, akanyoosha mkono na kuugusa wa mkazamwana wake.

"Nimekusamehe, mwanangu. Hayo yaliisha."

Yvonne alilia bila sauti, akawasha blenda labda ili asisikike. Ilipozimwa, smuthi ilikuwa nzito, rangi ya kiini cha yai la kienyeji. Mtoto akaitwa, akanywa, akatokea na masharubu ya njano, akasema susu wake, yaani bibi, ametengeneza kitu tamu kushinda ya nyumbani.

Yvonne akampigia mumewe, akaweka simu mezani kwa sauti kubwa. Akamwambia kwamba Mum amemsamehe. Gedion akashusha pumzi.

"Basi hata mimi tuache hiyo maneno," alisema. "Kama yeye amekusamehe, mimi ni nani?"

Wayua hakuwa amejua. Alidhani ugomvi wa hospitalini uliishia hospitalini. Kumbe mwanawe alikuwa amelala na kinyongo hicho miaka yote, kando ya mwanamke asiye na kosa, kwa sababu ya kimya cha mama yake. Watu husema majuto ni mjukuu, na yeye aliona yamemfikia yote kwa mara moja. Akaichukua simu.

"Gedion, Yvonne aliosha chupa. Ni mimi niliweka maziwa kwa uji. Ya mbuzi. Nilifikiria mtu wa jina langu hawezi kushindwa na maziwa."

Yvonne hakupiga kelele. Alikitazama kikombe kilichokuwa mkononi mwa binti yake, kikombe alichokiosha mwenyewe, chenye vitu alivyovipima kwa macho yake. Akakichukua taratibu na kukiweka juu ya kabati. Mtoto akalalamika kwamba hajamaliza. Akaambiwa atamaliza nyumbani.

"Hospitali ulisimama tu hapo, Mum," Yvonne alisema, sauti chini. "Hiyo naweza kuelewa. Uliogopa. Lakini sasa hivi umenisamehe."

La maziwa Wayua angeweza kulieleza, la woga pia. Kwa neno hilo la dakika chache zilizopita hakuwa na maelezo yoyote, na aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani.

Simu ikaongea mkononi mwake. Sauti ya Gedion ilikuwa imebadilika, nyembamba, haikuwa na nguvu ya kumgombeza mtu.

"Mpe Yvonne simu. Tafadhali."

Wayua akanyoosha mkono wenye simu. Yvonne alikuwa ameinama, akimfunga mtoto kamba za viatu, na hakuipokea.