Mafundo Mawili

Mimi ndiye niliyewafundisha kufunga mafundo mawili. Nasema mapema ili mtu asinitafutie huruma. Nilipita nyumba kwa nyumba, kifua mbele, mwenyekiti wa chama cha usafi cha akina mama: maganda na makombo yatieni kwenye mfuko wa plastiki, fungeni mafundo mawili, wekeni mlangoni. Nzi wakapungua, uchafu haukumwagika tena, mtaa wetu ukasifiwa Bamako nzima. Nikavimba kichwa.

Mkokoteni wa kuzoa taka ulikuwa wa Ngolo Coulibaly. Punda wake tulimwita Meya, kwa sababu naye alifika kwetu saa aliyotaka mwenyewe. Akina Coulibaly na sisi akina Keita ni watani tangu mababu. Kila asubuhi Ngolo aligonga mlango wangu.

"Mtumwa wangu, leta taka."

"Ngoja kwanza, mla maharage, upepo ukutoke."

Jumatatu hakugonga. Nilimkuta uani kwake, Meya amelala ubavu, tumbo limewambwa kama ngoma. Chini ya mkia kilining'inia kipande cheusi cha mfuko, na fundo lake.

Daktari wa mifugo alibonyeza tumbo, akatikisa kichwa. "Amekuwa akila mifuko. Ananusa wali na mchuzi wa karanga, kufungua hawezi, anameza yote. Humo ndani sasa ni bonge moja."

"Basi litoe," nikamwambia.

"Mama, ningeweza ningeshalitoa."

"Hata dawa ya kuharisha?"

"Utamwongezea mateso tu."

Akanawa mikono, akaenda zake. Ngolo alikaa chini, kichwa cha punda mapajani. Alijua mafundo yale ni ya nani, mtaa mzima ulijua, na hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kwetu mtani ndiye anayechekesha msibani, hata maiti ikiwa bado ndani. Ni kazi yake. Nikajaribu. "Mla maharage, hata punda wako umemfundisha kuvimbiwa." Sauti ikanikatikia njiani.

"Sira," alisema. Miaka tisa hakuwahi kuniita kwa jina. "Mtani haombwi akakataa. Mtaa mzima uliusemesha, ukakusikiliza. Mwambie na huyu ainuke."

Nilipiga magoti nikamwambia. Sioni haya, nilimwambia kweli: inuka, Meya, inuka baba yangu. Alitikisa sikio moja. Nikarudia mpaka koo likakauka, na kabla ya adhuhuri sikio hilo nalo likatulia.

Nilirudi nyumbani. Nje ya kila mlango, kuanzia kwa Ngolo hadi kwangu, mifuko ilikuwa imepangwa ikimsubiri Meya, safi kabisa, kila mmoja na mafundo yake mawili.