Bismillahi ya Mkana Mungu

Umbea hauhitaji pasipoti. Swalha, mwanafunzi wa fasihi hapo Guangzhou, China, alikuwa akiandika tasnifu juu ya mshairi Mwingereza wa karne mbili nyuma, mkana Mungu aliyewacheka makasisi, na habari ikamfikia baba yake Unguja. Baba akampigia simu mdogo wake Pandu, mnunuzi wa viatu katika soko la Liuhua, mji huohuo: "Msikilize. Ikiwa ni kufuru, mpandishe ndege arudi."

Ndiyo maana Ijumaa ile, baada ya sala, Swalha na ami yake walikaa katika mgahawa wa Waislamu wa Kichina, barabara ya Huanshi Zhonglu. Pandu hakujua Kiingereza cha vitabu, kwa hiyo Swalha alitoa tafsiri yake mwenyewe, aliyoitunga kwa utenzi.

"Haya, nisomee. Na kwa utenzi sidanganyiki, nimelelewa nao."

Swalha akaanza kughani. Ubeti wa kwanza ukamtoka: Bismillahi, sifa za Mola, rehema kwa Mtume. Pandu akainua mkono.

"Huyo Mzungu kayasema hayo?"

Swalha akashtuka. Masikini! Bibi yake alimfundisha kwamba utenzi hauanzi bila dua, na kalamu ikatii bila kuuliza inamwandikia nani.

"La, ami. Nimetia mimi. Mazoea."

"Endelea."

Akaendelea, mpaka penye makasisi mlangoni pa kanisa:

*Mola alibisha hodi,*
*wakamwambia: we, rudi,*
*kuingia ni miadi,*
*na Mwenyewe yupo ndani.*

Pandu akaacha kutafuna. "Rudia."

Akarudia. Mara ya tatu wakaghani pamoja, ami akiivuta sauti yake ya Maulidi, na mgahawa mzima ukatulia. Hata laoban, mwenye mgahawa asiyeelewa neno, alisimama na kisu mkononi akisikiliza. Swalha alisisimka mwili mzima. Maneno yale aliyaandika mwenyewe, lakini hakujua kuwa ni makubwa kiasi hicho. Aliogopa, na hakutaka yaishe.

Pandu alifuta macho kwa kofia yake. "Na huyu alimkana Mungu kweli?"

Swalha angeweza kusema uongo akapona.

"Kweli, ami. Mpaka anakufa."

Pandu aliisukuma sahani yake pembeni. "Basi ile dua ifute. Maiti halishwi maneno."

Akaenda kwenye simu ya mgahawa iliyokuwa mlangoni, akapiga Unguja. Swalha alimsikia akisema, "Kama ni kufuru, kaka, mimi sijui. Mwache amalize. Nami nataka kuusikia mwisho wake."

Alirudi, akaketi, akavaa kofia yake vizuri.

"Haya, anza upya."

Na kabla Swalha hajafungua kinywa, ami mwenyewe alisema, polepole, "Bismillahi."