Bega la Tantine Cécile

Benedicte alikuwa anafunga simu kwenye nondo ya dirisha kwa kipande cha kitambaa. Akarudi nyuma, akatazama. Ukuta unaonekana, kiti kinaonekana. Anayekosekana ni mgonjwa tu.

"Tantine, kuya basi!" akamwita aje.

Korona ilikuwa imefunga chuo chao Lilongwe, wanafunzi wa tiba ya viungo wakarudishwa makwao, naye akarudi kwao, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mazoezi ya hospitali yakawa ya nyumbani: mtibu mtu unayeishi naye, piga video, mtumie mwalimu. Asiyefaulu angerudia mwaka. Tantine Cécile, shangazi yake, fundi cherehani, alikuwa na bega lililokakamaa, kwa hiyo mgonjwa hakutafutwa mbali. Lakini video ya kwanza ilikataliwa.

"Simwoni mgonjwa," mwalimu wake, Madamu Msosa, aliandika. "Namwona mama anayekwenda harusini."

Ilibaki nafasi moja tu.

Tantine akatokea na kitenge cha sikukuu, kilemba kirefu, mikono ya blauzi imembana mpaka viwikoni.

"Tantine! Nilikuambia nini?"

"Uliniambia nikuye kwa video. Njo nimekuya." Akaketi, akapunga mkono mzima mbele ya simu. "Bandugu ba Bukavu, jambo yenu! Sisi tuko bazima!"

Nyumbani mwao simu haikuinuliwa hivyo ila kwa ajili ya ndugu wa mbali, na mbele ya ndugu wa mbali hakuna anayeumwa. Unavaa, unacheka, ili wapate usingizi. Benedicte angemlaumuje? Hata yeye, alipokuwa Lilongwe, alifanya hivyo hivyo.

"Haiendi Bukavu. Inaenda kwa mwalimu."

"Mubaya zaidi! Aone bantu ba Dzaleka banalialia?"

Benedicte akafikiri kidogo. Badala ya kurekodi, akampigia mwalimu. Madamu Msosa akatokea jikoni kwake, peku, chitenje kiunoni, anasonga nsima, ugali wa kwao, kwa mwiko mkubwa.

"Kumbe na yeye iko anapika!" Tantine akacheka. "Mwalimu gani hana viatu?"

Benedicte akamtafsiria mwalimu maneno ya kupika, ya viatu akayaacha.

"Mwambie hata mimi mgongo unaniuma kwa kusonga," Madamu akasema. Akageuka, akaonyesha mahali.

Benedicte akamwambia, na Tantine akainuka. Akaingia ndani, akarudi na blauzi ya kazi isiyo na mikono.

"Nimuonyeshe yangu."

Vidole vyake vikaanza kupanda ukutani, polepole, kama alivyofundishwa. Usawa wa kidevu vikakwama.

"Aiii! Hapo njo kunauma! Mwambie!"

"Sasa namwona mgonjwa," Madamu akasema. "Weka alama hapo. Kila siku mpandishe, mpaka vidole vipite kichwa. Nikiona safari yote kwenye video, nitatoa maksi."

Picha ikaganda, ikakatika. Bando limekwisha. Benedicte akachukua chaki ya kushonea, akachora mstari ukutani.

"Chini hivyo?" Tantine akakunja uso. "Wacha nipandishe kidogo."

"Bega limechoka. Kesho, tantine."

"Sawa, docteur. Lakini ikiuma tena, nitakutukana mbele ya mwalimu wako."

"Tukana tu. Itasaidia maksi."