Verediana Atapanda Jukwaani

Ilikuwa miaka ile wakimbizi wakiingia Kigoma kila wiki. Gari la matangazo lilizunguka Ujiji likitangaza: Jumamosi, ukumbini Bangwe, maigizo ya familia na muziki wa mataifa, wazazi njooni na watoto.

Familia yenyewe ilikuwa sisi. Mimi niliigiza mama mkwe mkali, mjukuu wangu Esther bibi harusi, na kaka yake Gaudensi mbuzi wa mahari. Verediana, mkimbizi tuliyeishi naye, angefunga onyesho kwa inanga ya marehemu baba yake, ubao wa nyuzi unaolazwa mapajani. Alitoroka nayo Burundi akiwa mjamzito.

Siku ilipofika, msimamizi wa ukumbi, Bwana Leodgar, akatuzuia mlangoni.

"Shikamoo, Bibi. Wewe na wajukuu piteni. Huyu mkimbizi hapana."

"Marahaba. Si umetangaza muziki wa mataifa?"

"Mataifa, Bibi. Siyo wakimbizi."

Feliksi, kuli wa Kibirizi aliyetubebea vyombo bure, akacheka. "Mkubwa, kwani Burundi siku hizi si taifa?"

Leodgar hakucheka. "Hili ni onyesho la familia. Huyu ni nani wako?"

"Mwanangu."

"Mrundi huyu?"

"Nikuulize, baba. Mkeo alipojifungua, arobaini aliikalia kwa nani?"

"Kwa mama yake."

"Huyu aliikalia kwangu. Nilimkanda maji moto kwa mikono hii, nikampikia uji wa pilipili manga. Kitovu cha mwanawe kimezikwa uani kwangu. Haya, niambie mimi ni nani wake."

Wauza dagaa waliosubiri kuingia wakapiga vigelegele. "Mjibu Bibi!"

Leodgar akasogea pembeni. "Apande. Lakini kipaza sauti changu simpi."

Verediana akanishika kitenge. "Mawe, turudi nyumbani." Ndivyo Warundi wanavyomwita mama.

"Harudi mtu."

Tukaigiza, watu wakamcheka mbuzi mpaka machozi. Kisha Verediana akaketi na inanga yake. Kwao huimbwa kwa kunong'ona, na ukumbi ule haukuwahi kunyamaza hata kwa mgeni rasmi.

Siku hiyo ulinyamaza. Muuza karanga alilaza sinia lake sakafuni taratibu. Mama mmoja alitoka na kichanga chake kilichoanza kulia, akabaki akisikiliza dirishani. Feliksi aliubana mlango kwa mgongo ili upepo wa ziwani usiubamize. Mimi nilisimama kando ya jukwaa, bado na kilemba cha mama mkwe, nikimkazia macho Leodgar.

Wimbo ulipokwisha, makofi yalitikisa mabati. Leodgar akapanda mwenyewe, kipaza sauti mkononi, akamnyooshea.

Verediana akakitazama, akatabasamu.

"Ahsante, kaka. Wananisikia."

Akaanza wimbo wa pili.