Jani la Kwanza la Manjano

Tangu mama mkwe wake aingie nyumbani, Bravin alikuwa akila chakula chake cha jioni ndani ya gari.

Hakufukuzwa na mtu. Nyumba yenyewe, huko ughaibuni, Brooklyn Park, ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, sebule moja na bafu moja. Na Bravin alilelewa Kakamega na bibi aliyemfundisha kwamba mwanamume hali mbele ya mama wa mkewe, hampi mkono, hamkodolei macho, wala hapishani naye mlango wa bafu huku taulo liko shingoni. Kakamega mambo hayo ni mepesi. Boma ni kubwa, mkwe akitokea huku, wewe unapotelea kule nyuma ya migomba. Sasa Brooklyn Park migomba utaitoa wapi? Basi kila jioni mkewe Fiona humfungia ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye bakuli lenye kifuniko, naye huteremka ngazi hadi maegeshoni, husukuma kiti nyuma, akala huku anatazama ukuta. Majirani walikwisha kuamua kwamba amegombana na mkewe, na mmoja wao alianza kumpa pole.

Jina la mama huyo nami sitalitaja, maana Bravin mwenyewe hajawahi kulitamka. Alikuja mwezi wa Mei kumtazama binti yake, ambaye alikuwa mjamzito. Mimba iliyotangulia ilikuwa imeharibika majira ya baridi yaliyopita. Siku hiyo theluji ilifunga barabara, Bravin alikuwa kazini akimrudisha mgonjwa kutoka kliniki upande wa pili wa mji, na Fiona alikuwa peke yake, sakafuni, akipiga simu. Bravin alifika amechelewa. Mpaka leo hapendi kulizungumza, lakini theluji anaiogopa kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka.

Mtoto wa sasa alitarajiwa Desemba, baridi ikiwa kali. Kwa hiyo Bravin alitaka kitu kimoja tu duniani, nacho ni kwamba mama mkwe asiondoke. Muda wake wa kukaa ungeweza kuombewa nyongeza, walikwisha kuulizia. Kama ingembidi kula garini mpaka mtoto aanze shule, angekula.

Tatizo ni kwamba mama alikuwa amekwisha kutoa neno. Jioni moja ya Julai alifungua pazia kutazama nje, akamwona mkwe wake chini kule, ndani ya gari, anamega ugali.

"Fiona," alisema, "mtoto wa watu anakula kwa gari kama mtu anajificha askari. Ni mimi nimemtoa kwake. Hiyo baridi yenu inakuja lini?"

"Bado sana, mum. Mpaka majani ya miti yaanze kugeuka manjano."

"Sawa. Siku nitaona jani la kwanza la manjano, mnikatie tiketi."

Fiona alimweleza Bravin usiku huo. "Si umwambie sina shida?" Bravin alisema. Fiona akacheka bila furaha. "Nimemwambia. Anasema hata angekuwa na shida, mkwe mwenye adabu angesema tu hivyo." Na hapo mama alikuwa na haki yake. Maneno ya mkwe yakipitia kinywani mwa mke hugeuka adabu, na adabu haimzuii mtu kwenda kwao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mama huyu hakungoja kupewa, aliliomba. Fiona akamtafutia kipande cha kukodi huko nje ya mji, kaskazini, nyumba zinapokwisha na mashamba ya soya na mahindi yanapoanza, kwenye shamba la mzungu mmoja mnene aitwaye Eric. Mama akapanda kunde, mrenda, saga ambayo wengine huiita mgagani, maharage na nyanya. Jumamosi, siku ya kwenda shambani, Fiona alikuwa na shifti kwenye makao ya wazee anakofanya kazi. Aliyebaki wa kuendesha gari ni mmoja tu.

Safari hizo zilikuwa na taratibu zake. Mama aliketi nyuma, kwenye pembe ya mbali. Bravin aligeuza kioo cha ndani kikatazama paa, akawa anategemea vya pembeni. Walipokuwa na jambo la kusema, hawakuambiana, waliviambia vitu. "Gari hili leo linaenda mbio," mama angeliambia dirisha. Bravin angeujibu usukani, "Hapa polisi wanaruhusu," kisha angepunguza mwendo. Kule shambani mama alizungumza na mboga, Bravin akazungumza na ndoo, na kazi ilikwenda vizuri kuliko kwa wakwe wengi wanaoongea ana kwa ana.

Agosti ilipokuwa ukingoni, Bravin aliona dalili ya kwanza. Vichaka vya kando ya barabara vilikuwa na majani mekundu, machache, kwenye ncha tu. Alitazama kioo cha pembeni kana kwamba anataka kupita lori, ingawa lori halikuwepo, akaongeza kasi mpaka vichaka vikaisha. Jumamosi iliyofuata alipita njia nyingine, ndefu, yenye ghala na viwanda vitupu.

"Gari hili limepotea," mama aliliambia dirisha.

"Kule wanatengeneza barabara," Bravin aliuambia usukani. Ulikuwa uongo.

Lakini ukikwepa vichaka, utakwepa nini tena? Asubuhi ukungu ulianza kulala juu ya mashamba mpaka jua lipande. Buibui walitanda nyuzi zao juu ya saga, zikajaa umande. Jua lilikuwa bado linachoma, ila lilichoma kwa upande, na vivuli vya watu vilirefuka mapema. Bata bukini nao walianza kupita juu kwa makundi, wakipiga kelele za watu wanaohama nyumba. Bravin alifungua redio ya gari kwa sauti kubwa, milango wazi, wakasikiliza matangazo ya matairi mpaka bukini wakapita.

Maharage ndiyo yaliyomtesa zaidi, maana yalianza kugeuka manjano kuanzia majani ya chini. Bravin akawa anajifanya amekwenda kuchota maji, kisha anainama kwenye mistari na kuchuma kila jani lenye rangi mbaya, analifutika mfukoni. Suruali ya kazi ilijaa majani makavu. Fiona alipoifua alikuta mashine imejaa takataka, akauliza, naye Bravin akasema ni upepo.

Ndipo akaja Eric. Alisimama kando ya trekta lake, akasema kwa Kiingereza kwamba usiku wa wiki ijayo ungeweza kuwa wa jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, wafunike nyanya kwa shuka. Akajikumbatia na kutetemesha mabega, aeleweke vizuri. Mama alikuwa kwenye kunde, mbali kidogo, amenyoosha mgongo anatazama. Eric alipoondoka, Bravin aliiambia ndoo, "Mzungu anasema nyanya zimependeza sana."

Mama akaziambia kunde, "Watu wa huku husifu nyanya kama wameshikwa na homa." Akaendelea kuchuma.

Siku hiyo walirudi na mboga nyingi. Mama alipanda ngazi mbele, Bravin akafuata nyuma kwa nafasi yake, amebeba kiondo cha mama. Penye kona ya ngazi mshikio mmoja ulikatika, kunde zikamwagika. Alipoinama kuzikusanya, akaona chini kabisa ya kiondo mfuko wa plastiki uliofungwa fundo. Haukuwa na mboga. Ulikuwa na majani ya maharage, ya manjano, mengi, na katikati yake jani moja jekundu lenye vidole vitano, la mti mkubwa ulioko langoni kwa Eric. Mama alikuwa akienda kule kila Jumamosi, akisema ananyoosha miguu.

Bravin aliketi kwenye ngazi. Wazo la kwanza lilikuwa baya. Aliona mama anakusanya ushahidi, na leo jioni angeumwaga mezani mbele ya Fiona aseme, haya, tiketi. Lakini mfuko ule ulikuwa na majani makavu kabisa, ya wiki nyingi nyuma, na tiketi hakuna aliyeitaja. Alirudisha kila kitu kama kilivyokuwa.

Usiku, chumbani, alimuuliza Fiona kwa kunong'ona, "Mama anasemaje kuhusu kule shamba?"

"Anasema ni kijani tupu," Fiona alijibu. "Kila Jumamosi, kijani tupu." Akageuka, tumbo likachukua kitanda. "Bravin, nami nimenyamaza. Ule mti wa hapa nje ushaanza kugeuka, na dirisha la jikoni linautazama. Ndiyo maana niliweka pazia jipya."

Wakacheka chini ya blanketi mpaka Fiona akaanza kulia, na Bravin naye machozi yakamtoka bila kuona aibu. Nyumba nzima ilikuwa inaficha majani. Mama hakutaka kuondoka. Alikwisha kutoa neno tu, na mtu mzima haramba matapishi yake. Fiona akimsihi, ni mtoto anayedeka. Aliyeweza kulivunja neno lile ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba haruhusiwi kusema naye.

Bravin hakupata usingizi. Alimkumbuka bibi yake, aliyefundisha mwiko pamoja na dawa yake. Mkwe akitaka mwiko ulegee, humpelekea mama wa mkewe vazi. Akilivaa mbele yake, salamu zimefunguka. Blanketi alilitoa siku ya mahari, ni kweli, lakini lile lilikuwa blanketi la baridi ya Kakamega.

Kesho yake alikwenda dukani. Makoti ya msimu wa baridi yalikuwa ndiyo kwanza yanatundikwa. Akachagua zito kuliko yote, la rangi ya zambarau, lenye manyoya kofiani.

"Avaa saizi gani?" muuzaji alimuuliza. Alikuwa Mkongomani, mama wa makamo aitwaye Ernestine.

Miezi yote ile Bravin hakuwahi kumtazama mama. Aliijua sauti yake, alizijua ndala zake za bluu mlangoni, na kivuli chake, ambacho Septemba ile kilikuwa kirefu sana. "Ni mama mkwe wangu," alisema. "Sijui."

Ernestine hakucheka. Alionekana kuelewa vizuri sana. "Basi beba kubwa," alisema. "Kubwa haitukani mtu."

Jumamosi ilipofika, Bravin alilitandika koti kwenye kiti cha nyuma kabla mama hajateremka. Akaingia, akawasha gari, akatazama mbele. Alisikia mlango ukifunguliwa, kisha kimya, kisha mlango ukafungwa. Akashika ile njia ya zamani. Alipita kwenye vichaka, ambavyo sasa vilikuwa vyekundu vyote. Alipita mashamba ya soya yaliyokwisha kuwa manjano mpaka upeo wa macho. Hakufungua redio. Alipofika langoni kwa Eric, alisimama chini ya ule mti mkubwa, nusu yake ikiwaka, akazima injini. Moyo wake ulimwambia ameharibu, amemwonesha mama mlango.

Akashuka, akaenda kwenye maharage, akainama. Baada ya muda akasikia kitu kikiburuta nyasi.

Mama alikuja amelivaa. Jua lilikuwa linawaka, jasho linamtiririka, na koti limemshuka mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mikono yake ilikuwa imepotelea ndani. Kumbe alikuwa mtu mdogo. Bravin alimtazama, mara ya kwanza, akaona kwamba ana macho ya Fiona.

"Aliyenunua koti hili," mama aliziambia kunde, "alidhani ananunulia tembo."

Bravin alishika shina la haragwe. "Maharage, baridi inakuja. Mwaka jana ilinikuta sipo. Mimi naogopa. Naomba mama asiende."

Upepo ulipita, majani machache yakaanguka kutoka langoni, na hakuna aliyekimbilia kuyaokota. Mama alilifungua koti kifuani, akakunja mikono kana kwamba amebeba kitu, kisha akalifunga tena juu yake. Lilifunga, na nafasi ikabaki.

"Bravin," alisema. Hakuwahi kulitaja jina lake. "Hili ni la mtu na mtoto. Desemba nitambeba humu." Akajipangusa jasho kwa manyoya ya kofia. "Na jioni ya leo ule nyumbani. Mimi nitaketi jikoni nikupe mgongo. Hilo gari linanuka omena mpaka kwa nguo zangu."

"Ndiyo, mama," alisema Bravin, na safari hii hakuiambia ndoo.