Kasuku Aliyetulia

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na ninasema mapema ili usijisumbue kumtafuta mwingine. Kyule, aliyeniuzia ndege, hakunidanganya kwa neno hata moja. Mke wangu Waithera alinionya kabla sijatoka nyumbani. Mama hakuulizwa. Ukiwaondoa hao watatu, mjinga anabaki mmoja, na ndiye huyu anayekusimulia: Kuntai, broka wa ng'ombe, miaka ishirini na mitatu kazini.

Kazi yangu ni kumsoma mnyama. Siku ya mnada huwa niko Kajiado kabla jua halijapasha mabati, na wenye bucha wa Kitengela hunifuata nyuma kama ndama. Nampitisha fahali mkono mgongoni. Napiga makofi nyuma ya sikio lake. Kisha namtazama jicho. Anayeruka, anayelia ovyo, anayezungusha kichwa, namwachia mwingine, kwa sababu mnyama wa namna hiyo ana njaa, au amepotezana na wenzake, au ni mkorofi tu, na atakuvunjia pikapu kabla hujafika Isinya. Aliyesimama kimya ndiye wangu. Nimekosea mara chache, na wale niliowakosea waliliwa kabla ya kutoa ushahidi.

Sasa nikueleze habari za mama. Sisi watoto wake tunamwita Yeyo. Ameishi Illasit tangu alipoolewa, na ng'ombe wake aliwakamua mwenyewe asubuhi na jioni, kama wanawake wa kwetu wanavyofanya. Ng'ombe wa kwetu anaijua sauti ya mama yake wa kumkamua. Akija mwingine, hata awe na mikono laini namna gani, maziwa hayashuki. Wanawake wengine huwaimbia. Yeyo aliwatukana. Alimwambia mmoja kwamba ana macho ya chifu aliyestaafu, mwingine kwamba anatembea kama bibi harusi aliyeachwa kanisani, nao wakasimama wakitafuna taratibu huku maziwa yakijaza kibuyu. Mimi pia sikusazwa. Kila nilipoenda kumwona, kabla sijainamisha kichwa anishike utosini kwa salamu, alikuwa ameshasema kwamba tumbo langu limefika tangu jana, mimi ndiyo nafika sasa.

Ukame ule mkubwa ulimchukulia ng'ombe wote wakabaki wawili. Mwaka uliofuata akateleza akienda kuwakamua, nyonga ikaumia. Nikaamua mambo kama mwanamume. Wale wawili niliwauza mimi mwenyewe mnadani Kajiado, na yeye nikamleta Kitengela kwangu, gorofa ya tatu, hospitali iko karibu, maji ya mfereji, televisheni. Nilijiona mtoto wa maana sana.

Mwezi wa kwanza Yeyo alitukana kila kitu. Alitukana maziwa ya pakiti, alitukana ngazi, alimwambia keretaka anayetunza ploti kwamba hata fisi hufagia mlangoni pake. Tulicheka. Mwezi wa tatu alikuwa anatukana maziwa peke yake. Kufikia mwezi wa tano alikuwa ananyamaza tu. Alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, na dirisha lile linatazama ukuta wa ploti ya jirani. Nikirudi jioni namwamkia, "Yeyo, takwenya," naye anajibu, "Iko," na mazungumzo yetu yameisha hapo. Chakula anagusa, anasukuma sahani.

Nikawa nawaambia watu kwamba mama ametulia. Nilisema mnadani, nikasema kanisani. Watu wakanipongeza.

Waithera ndiye hakunipongeza. Yeye anashinda nyumbani na cherehani yake, kwa hiyo aliyaona ya mchana ambayo mimi siyaoni. Alitaka nimrudishe Yeyo Illasit, kwa Kakenya, mjane wa kaka yangu, ambaye bado yuko bomani na alikuwa amenipigia simu mara mbili akiomba nimpeleke kwake. Mimi nikataja presha. Nikataja nyonga. Nikauliza nani atamkimbiza hospitali usiku kama atazidiwa huko. Hayo yote yalikuwa ya kweli, na hakuna kitu mtu mwenye makosa anachokipenda kama ukweli wa kujifichia.

Tukakubaliana katikati: apewe kitu chenye uhai cha kutunza. Mbuzi, mwenye ploti hakubali. Paka, Yeyo anamwita mwizi. Waithera alikuwa amesikia kutoka kwa mteja wake mmoja kwamba kasuku ni mwenzi mzuri kwa mzee, anaongea, anaitika, anakujua. Akaniambia nikifika kwa mwenye kasuku niulize mambo matatu: sauti yake ina ukali gani, akikasirika anafanya nini, na kabla ya hapo aliishi na nani.

"Na uchague mwenye kelele," akasema. "Nyumba hii imekosa kelele."

Nikamwambia mwanamke wa cherehani hamfundishi broka kuchagua mnyama. Akaendelea kushona.

Kyule anaishi upande wa pili wa barabara ya Namanga, ndani ya geti la bluu, na kibali chake cha kufuga ndege amekitundika sebuleni pale ambapo wengine hutundika picha ya harusi. Alikuwa na kasuku wawili wa kuuza, wote wa kijivu wenye mkia mwekundu. Wa kwanza alinipokea kwa ukelele uliopasua kichwa. Akapiga mluzi, akaiga mlango wa geti, akaiga simu, akaruka hadi mkononi kwa Kyule na kumvuta kifungo cha shati. Kyule akaeleza kwamba huyo atapiga kelele asubuhi na jioni maisha yake yote, kwa sababu ndivyo wanavyoitana porini, na hakuna dawa yake. Anauma kidogo akinyimwa njugu. Ila anapenda watu.

Wa pili alikuwa kwenye tundu la pembeni. Hakusema kitu. Nilisogea, hakusogea. Nikapiga makofi nyuma ya kichwa chake kama ninavyofanya mnadani. Hakushtuka. Nikaingiza kidole, nikampitisha mgongoni kutoka shingoni hadi mkiani, naye akasimama tu, jicho moja likinitazama bila kunitazama.

Nikasema huyu ndiye wangu. Kyule akakuna kidevu. Akasema lazima nijue alikotoka. Alikuwa wa mwalimu mmoja mstaafu wa Kimuka, Mwalimu Rahab, aliyeishi peke yake na ndege huyo miaka kumi na mmoja. Mwalimu alifariki kitandani, na majirani walipovunja mlango siku mbili zilikuwa zimepita. Ndege alikuwa hapo chumbani siku zote mbili. Tangu aletwe kwa Kyule hajatoa sauti.

"Yule mwenye kelele ninajua shida yake," Kyule akasema. "Huyu simjui, mzee. Siwezi kukuambia uongo."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, basi huyu amezoea wazee. Nikacheka mwenyewe. Kyule hakucheka, akanijazia karatasi.

Tundu nilipanda nalo gorofa ya tatu nikitweta na kujisifu. Nikaliweka mezani mbele ya Yeyo na kumweleza uzuri wa ndege: hana fujo, hang'ati, majirani hawatalalamika, presha yako haitapanda. Waithera aliuliza kama nimeuliza yale mambo matatu. Nikasema nimeuliza. Akaniuliza majibu, nikajifanya nimeitwa kwenye simu.

Yeyo alimtazama ndege muda mrefu. Kisha akasema sentensi ndefu kuliko zote alizosema mwezi ule.

"Ndama akifa, ng'ombe huwekewa ngozi yake mbele, airambe, maziwa yashuke. Nimeona, Kuntai. Umeniletea ngozi."

Hiyo ni kazi yetu ya kweli, kila mfugaji anaijua. Unaichuna ngozi, unaikausha, unaitia nyasi kidogo, mama anaramba na kukamuliwa huku anadhani mtoto yuko. Mimi nikasikia utani, nikafurahi kwamba mama ameanza tena kuchokoza. Niliwasimulia watu mnadani kesho yake, wakacheka sana.

Ndege na Yeyo wakakaa pale dirishani wiki saba, wote wawili wakitazama ukuta. Yeyo alimbadilishia maji na kumwekea mbegu za alizeti. Mwishoni mwa wiki ya pili akaniambia ndege anajinyonyoa. Kweli kifuani palikuwa na kipara kama kiganja cha mtoto, na manyoya ya kijivu chini ya tundu. Nikasema anabadilisha nguo. Wiki ya nne kipara kilifika shingoni. Waithera akampigia Kyule bila kunitaka ruhusa, naye akasema ndege akifanya hivyo ana huzuni au upweke, tumpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua ndege, na tumtoe hapo penye ukuta. Mimi nikasema Jumatatu. Jumatatu kulikuwa na mnada. Nikasema Jumatatu nyingine.

Halafu siku moja mchana ndege akasema. Mimi sikuwepo, niliambiwa na Waithera. Alikuwa kwenye cherehani, akasikia sauti ya mwanamke mzee chumbani, sauti nzito kidogo ya mtu aliyefundisha watoto wengi, ikiuliza, "Umekula?" Akafikiri ni mgeni. Alipochungulia, Yeyo alikuwa ameinama karibu na tundu.

"La," Yeyo alijibu kwa Kiswahili, taratibu. "Sijakula."

Ndege akauliza tena. Yeyo akamjibu tena. Waithera anasema waliendelea hivyo mpaka aliposhindwa kusikiliza, akaenda kusimama kwenye ngazi.

Aliponisimulia jioni nilipiga paja kwa furaha. Si nilisema! Ndege ana tabia nzuri, amepata mtu, sasa wanaongea. Nilienda kununua njugu za kumpongeza. Waithera alinitazama jinsi ambavyo mimi huwatazama wateja wanaonunua ng'ombe kwa rangi.

Ndege hakusema tena. Sasa Yeyo ndiye aliyemuuliza, kila siku, "Umekula?" na hakuna aliyemjibu. Mbegu zilibaki. Sahani ya Yeyo nayo ilirudi jikoni ilivyokwenda. Nguo zilianza kumning'inia mabegani. Kliniki walimpima wakasema presha iko sawa kabisa, haijawahi kuwa nzuri hivyo, nami nikaichukua karatasi ile na kumwonyesha Waithera kama mtu aliyeshinda kesi.

Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, nilitoka bafuni nikakuta tundu liko wazi. Yeyo alikuwa kwenye kiti chake na shuka jekundu magotini, na ndani ya shuka alikuwa amemfunga ndege, miguu tu inaonekana, imekunjika. Alikuwa mwepesi sana. Nilimpokea nikadhani nimepewa shuka tupu.

Ninavyojijua, nikiona aibu naongea. Nikasema pole, nikasema ndege hufa, nikasema huyu alikuwa mgonjwa kabla hatujamnunua. Nikasema nitaenda kwa Kyule leo leo, baada ya ibada, nimlete yule mwingine, yule mwenye kelele, kwani shida iko wapi.

Waithera akavua kitambaa cha kanisani akakiweka juu ya meza. Alisema hapana ndege mwingine. Alisema kwa sauti ya chini kwamba nimpeleke mama nyumbani, kwamba Kakenya amepiga simu tena, kwamba zahanati ya kule haiko mwisho wa dunia na nyonga ilishapona, na kwamba nisipompeleka mimi, yeye ataomba gari kwa watu wa kanisa. Nikamjibu kwamba mama ni wangu. Nikataja presha. Nikataja ile karatasi ya kliniki. Tukavutana hivyo, yeye akishusha sauti na mimi nikiipandisha, Yeyo yuko katikati yetu na mikono mitupu juu ya magoti, hadi nikatoa ile ninayoiita silaha yangu ya mwisho.

"Muulize mwenyewe," nikamwambia Waithera. "Amekaa hapa karibu mwaka mzima. Amewahi kulalamika? Hata siku moja?"

Yeyo akageuza uso kutoka dirishani. Nilikuwa nimesahau jinsi jicho lake linavyokaa linapokutazama kweli.

"Hata huyo ndege hakulalamika," akasema. "Nirudishe Illasit, Kuntai, nikiwa bado na sauti ya kukutukana."